Toba ya Bi Jicho

Kama kuna kitu mwandishi alikichukia kuliko jino bovu, ni kikohozi cha kwenye tamthilia. Unakijua kikohozi hicho. Mtu anakohoa mara moja tu, anajifuta kwa leso, anaitazama leso, anaificha haraka. Na mtazamaji, hata kama yuko jikoni anakaanga vitunguu, anajua kwamba huyo keshakufa. Majumbani mwetu watu hukohoa wakapona. Kwenye televisheni hakuna mafua.

Si kikohozi peke yake. Alimchukia daktari anayevua miwani kabla ya kutoa habari mbaya, kana kwamba msiba hauonekani kwa miwani. Alimchukia pacha anayezuka hadithi ikiwa imewaishia watu, na yule mtu anayeifikia harusi dakika ya mwisho akihema, ilhali simu anayo mfukoni na ina chaji. Zaidi ya wote alimchukia mwovu anayejisimulia mipango yake kwa sauti chumbani peke yake, mlango wazi, adui kasimama nje. Yeye na wenzake watatu waliandika tamthilia moja ya kila jioni, na alipoanza kuwachambua watu hao katika chumba chao cha kazi, chai iliwapalia wenzake kwa kicheko.

Kulikuwa na mmoja tu ambaye hakumfanyia mzaha. Huyo ni mama wa kambo mkatili, anayemnyima mtoto chakula na kumlaza sakafuni.

"Huyo simwandiki," alikuwa akisema. "Mimi nimelelewa na mama wa kambo. Aliyeninyima chakula hayupo, yupo aliyeninenepesha."

Na ni kweli. Mama mzazi alifariki yeye akiwa hata hajajua kufunga kamba za viatu. Baba, dereva wa malori ya safari ndefu, akamshika mkono akampeleka kwa mke aliyemwoa karibuni, fundi wa kushona nguo. Akamwacha pale sebuleni katikati ya vitambaa na kurudi barabarani, na barabarani ndiko alikofia miaka kadhaa baadaye. Fundi hakuwa na mtoto wake. Hakujua nyimbo za kubembelezea wala hadithi za kulalia. Alijua kutazama. Kila mara mtoto aliporudi kutoka shule, Fundi alisimamisha cherehani, akasogea nyuma, akainamisha kichwa kidogo, akafumba jicho la kushoto kama anavyofanya akikagua pindo, akasema, "Njoo nikutazame." Mtoto akazunguka polepole. Midomo ikiwa mikavu, Fundi alijua hajala. Mabega yakiwa yameinama, alijua kuna aliyemsimanga. Wateja nao aliwaambia hivyohivyo wakijaribu nguo zao, lakini mtoto alijua kwamba wao wanatazamwa nguo, yeye anatazamwa mwenyewe. Kutazamwa huko ndiko kulikomlea.

Sasa sikiliza alichofanya mtoto huyo alipokuwa mtu mzima.

Tamthilia yao ilianza kukimbiwa na watazamaji. Mtayarishaji wao, waliyembandika jina la Bwana Namba kwa sababu hakuwahi kumaliza sentensi bila kutaja idadi ya watazamaji, aliingia siku moja akiwa amenyong'onyea kama mtu aliyeibiwa.

"Namba zinashuka kama suruali isiyo na mkanda," akasema. "Watu wanataka mtu wa kumchukia. Nileteeni mama wa kambo."

"Hapana," mwandishi akasema.

"Basi nitafunga kazi, na wewe ndiye utakayewaeleza wapiga picha, wabeba taa na mama wa chai."

Alikataa wiki nzima. Halafu akakubali, kwa sababu mama wa chai alikuwa mjamzito, na kwa sababu, tuseme kweli, naye mwenyewe alikuwa na nyumba ya kupanga. Lakini maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na mwandishi alikuwa na maringo ya kazi yake. Mama wa kambo aliyemwandika mara ya kwanza alikuwa gogo. Anapiga kelele, anafinya, anacheka kicheko kile cha wachawi wa televisheni. Mwandishi akamsoma akaona aibu. Akasema moyoni, kama lazima nipike chakula hiki kibaya, angalau nitie chumvi.

Akatia chumvi. Akampa mwanamke huyo jicho la kushoto la kufumba. Akampa kichwa cha kuinamisha. Kisha akampa maneno: kila alipotaka kumtesa mtoto, hakupiga kelele tena, alisogea nyuma kwa utulivu, akafumba jicho, akasema taratibu, "Njoo nikutazame." Akamwita Bi Jicho. Mwigizaji alipoyasema maneno hayo mara ya kwanza mbele ya kamera, mbeba taa alisahau taa.

Hapo ndipo ninapotaka kumshika mwandishi huyu masikio. Uongo mkuukuu haumdhuru mtu. Ni gauni lililovishwa sanamu dirishani mwa duka, kila mtu anapita, hakuna anayeuliza ni la nani. Mama wa kambo yule wa mwanzo, gogo yule, asingemgusa Fundi hata ukucha. Aliyemdhuru ni huyu aliyeandikwa vizuri. Mwandishi alidhani anatia sanaa, kumbe alikuwa anachukua mwili wa mtu aliye hai na kuuvisha gauni la sanamu.

Namba zikapanda. Maneno yakaingia mitaani. Vijana wa sokoni waliambiana "Njoo nikutazame" wakidaiana chenji, walimu waliyatumia kwa wanafunzi watoro, na siku moja mwandishi aliyasikia nyuma yake katika foleni ya benki akatabasamu peke yake. Mwandishi wa magazeti akamuuliza kama anamjua mwanamke wa aina ile. Angeweza kusema hapana. Neno fupi, halina gharama. Lakini alikuwa amevaa vizuri, picha zilikuwa zinapigwa, akajibu, "Mwandishi huandika anachokijua."

Alimpigia mama yake simu kila wiki, na Fundi kila wiki alisema, "Naangalia. Hongera, mama." Humwita hivyo tangu utotoni, mama, kama wazazi wengi wanavyowaita binti zao. Mara moja tu aliuliza swali.

"Huyo mwanamke wa kwenye mchezo wako, anafumba jicho lipi?"

"La kushoto."

"Aha," Fundi akasema, kisha akaanza kuzungumza habari za mvua.

Aliyemfumbua macho ni Msusi, jirani mwenye saluni mlango wa pili. Alimpigia simu kumpongeza, na katikati ya pongezi akacheka akisema kwamba siku hizi mama yake naye ni maarufu, watoto wakipita mlangoni kwake wanakimbia wakiita, "Bi Jicho! Bi Jicho!" Halafu akashusha sauti. "Pole lakini, shoga yangu. Kumbe ulipitia makubwa na sisi tulikuwa hapa ukutani hatusikii. Mwanamke ana siri huyo!"

Mwandishi alikaa na simu mkononi, masikio yakimchoma. Alikuwa amemuuza mama yake kwa rejareja, jicho kwanza, kisha kichwa, kisha maneno, na hakuwa hata amemuuliza.

Mtu mwingine angepanda gari siku hiyohiyo akaenda kwao. Yeye alikuwa mwandishi, akaenda mezani. Akaamua kumsafisha mama yake kwa njia aliyoijua. Akaandika toba. Toba ya mwovu sehemu ya mwisho, kupiga magoti, machozi, muziki wa taratibu, wote wamesamehe: kitu ambacho miaka yote alikiita sabuni ya dakika tano, na aliyekithubutu alimchana bila huruma. Safari hii aliiandika kwa moyo wake wote. Akaifuta, akaiandika upya, akalia akiiandika. Alitaka mtaa mzima umpende tena mama yake, na alijua hana muda, kwa sababu kwenye simu Fundi alikuwa ameanza kusema "sawa" mahali alipokuwa akisema "mama". Siku ya kurushwa ndipo akapanda gari kwenda nyumbani, ili waitazame pamoja.

Sebule ilikuwa vilevile. Cherehani karibu na dirisha, pasi, kioo kirefu chenye ufa chini, na vipande vya vitambaa sakafuni. Juu ya rafu ya nyuzi ilikaa televisheni kubwa kuliko zote mtaani. Mwandishi ndiye aliyeinunua, kwa pesa za Bi Jicho.

Alisimama mlangoni na mkoba wake. Bila kufikiri akaanza kugeuka, bega moja mbele, kama alivyogeuka tangu utotoni.

Fundi aliinua macho. "Umefika. Karibu," akasema. "Kiti hicho kina pini, kaa kile."

Basi. Mwandishi akabaki amegeuka nusu, hajui amalizie au arudi. Akakaa.

Hajatulia vizuri akaingia bibi mmoja na mjukuu wake wa kike, wamefuata sare ya shule. Fundi akamvisha mtoto, akapiga magoti na pini midomoni, akapanda na kushuka na rula, akiandama pindo kidogo kidogo. Rula! Mwandishi hakuwahi kumwona mama yake akipima pindo kwa rula. Lakini mkono uliozoea haukatazwi, na kichwa nacho hivyohivyo. Fundi alipochomeka pini ya mwisho alisimama, akasogea nyuma, akainamisha kichwa, jicho la kushoto likafumba lenyewe.

Mtoto akapiga yowe. Akakimbilia nyuma ya bibi yake na pini zote pindoni, akalia kilio kile cha hofu ya kweli, si cha kudeka.

"Usiogope, huyu ni fundi tu, si yule," bibi akasema huku akicheka. "Televisheni imewaharibu watoto hawa."

"Si kitu," Fundi akasema. Alikuwa amekwisha fumbua jicho na kutazama sakafuni. "Mvue taratibu asichomwe."

Walipotoka, mwandishi hakujua aanzie wapi. "Mama, tangu lini unatumia rula?"

"Tangu watoto waanze kulia." Fundi aliikunja sare. "Inasaidia. Lakini rula inajua urefu tu, haijui mtoto amesimama vipi. Mapindo yangu siku hizi yanakwenda upande, na wateja wananionea haya kuniambia."

Alisema bila kulalamika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mwandishi alitamani ardhi ipasuke. Akasogeza kiti.

"Mama, leo utaona. Leo mambo yanageuka. Nimelirekebisha lile jambo."

"Umelirekebishaje?"

"Subiri uone."

Jioni ilipoingia wanawake wa mtaa wakaja, kama walivyozoea. Msusi alikuja na mteja wake aliyesukwa nusu kichwa, nusu ya pili imesimama wima. Akaja mwenye duka la vyombo, wakaja wengine wawili wa nyumba za nyuma. Wakamshangilia mwandishi, wakambusu, wakamgusagusa kama wanahakikisha hajavunjika mahali. Fundi wakamsalimu kwa mbali kidogo, wakakaa kwenye viti vyake.

Ikaanza. Ilikuwa nzuri, hilo lisemwe. Bi Jicho aliingia katika chumba cha mtoto, akasimama kitambo, kisha magoti yakamwisha nguvu akaanguka sakafuni. Akamshika mtoto miguu. "Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nilikutesa. Siku zote nilikutazama, sikukuona." Mwandishi aliipenda sana sentensi hiyo. Aliiandika saa ya machweo akasimama akaizunguka meza. Mtoto akainama, akamfuta yule mwanamke machozi kwa mkono wake mdogo, muziki ukapanda.

Sebule nzima ililia. Mwenye duka la vyombo alipenga kamasi. Mwandishi akageuka kumtazama mama yake, akitarajia, sijui alitarajia nini, labda tabasamu. Fundi alikuwa amekaa wima, kitambaa mapajani, uso umekauka.

Ndipo Msusi akainuka. Akavuka sebule machozi yakimtiririka, akaishika mikono ya Fundi yote miwili.

"Fundi, basi. Yameisha," akasema. "Mungu ni mwingi wa rehema."

"Mtoto mwenyewe amekusamehe, tena mbele ya nchi nzima," akasema mwenye duka. "Sisi ni nani tukuwekee kinyongo?"

"Kutubu ni ujasiri," akasema yule wa nusu kichwa, ambaye hata hakuwa wa mtaa ule.

Wakamzunguka. Wakamkumbatia mmoja mmoja, wakamsamehe. Mwandishi akasimama, kiti kikaanguka.

"Hapana! Mmeelewa vibaya! Huyu hakunigusa hata siku moja. Hakuninyima kitu, hakunipiga. Yale yote nimetunga mimi!"

Wakamtazama kwa upendo mkubwa.

"Ndivyo alivyosema yule mtoto wa kwenye televisheni kwa mwalimu wake," Msusi akasema kwa upole. "Mwalimu, nilianguka mwenyewe."

"Anamfichia mama yake," mmoja akanong'ona.

"Nawaapia..."

"Na kuapa pia aliapa. Mtoto mwema kweli."

Mwandishi mwenyewe ndiye aliyeandika kwamba mtoto akiulizwa hukana. Aliandika mara tatu, katika sehemu tatu tofauti, ili mtazamaji aelewe vizuri kwamba kadiri mtoto anavyokana ndivyo mateso yalivyo makubwa. Sasa kila neno la kweli alilolitoa liligeuka ushahidi wa uongo. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Huyu alichimba, akamtumbukiza mama yake, na kamba akaisahau nyumbani.

"Jamani, nisikilizeni," alianza tena, na sauti ikamkatika kwa kilio, na wao walipoona analia wakalia upya.

"Asanteni," Fundi akasema.

Wote wakamgeukia. Aliinuka taratibu, akakunja kile kitambaa.

"Asanteni, jirani zangu. Nimeshukuru sana. Nendeni mkapike sasa, watoto wana njaa."

Wakatoka wakijifuta macho, wepesi, kama watu waliotoka kufanya jambo jema. Msusi alimpigapiga mwandishi mgongoni alipompita. Mlango ukafungwa, Fundi akazima televisheni.

"Mama, kwa nini umekubali?"

"Ningesemaje? Nikisema sikufanya, basi mtoto wangu ni mwongo, na watu wanampenda." Aliokota kiti kilichoanguka, akakirudisha mahali pake. "Wewe una kazi na jina. Mimi nina cherehani. Mwenye kubeba ni mimi."

"Nitakwenda kwenye televisheni. Nitasema mbele ya wote kwamba..."

"Utasema, na watalia. Umewafundisha vizuri."

Fundi alikaa mbele yake, magoti yao yakikaribiana, na kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama moja kwa moja, kwa macho yote mawili.

"Ule ukatili nilivumilia. Nilijiambia ni mchezo, mwanangu anatafuta riziki, watoto watasahau. Hata jicho langu nilikuachia. Lakini leo umenitubisha, mama. Umenipigisha magoti nikaomba msamaha. Hebu niambie, nilikosa nini? Nataka kujua tu. Maana nimekaa hapa naangalia nikijiuliza, labda kuna siku nilikukosea nikasahau."

Hilo likammaliza. Mwandishi alitoka kwenye kiti akaanguka sakafuni, juu ya vipande vya vitambaa, akamshika mama yake miguu. "Nisamehe, mama," akasema huku akilia kwa kwikwi. "Nilikutesa. Nilikuwa na wewe siku zote na..."

Aliisikia mwenyewe. Magoti ni yaleyale, mikono iko palepale, na sentensi inayofuata alikwisha kuiandika na ilikwisha kulipwa. Akasita, mdomo wazi.

"Inuka," Fundi akasema, bila hasira. "Hiyo nimeshaiangalia leo."

Mwandishi akainuka. Alisimama mbele ya mama yake akitafuta neno jingine, lolote, ambalo hajawahi kumpa mtu aliseme mbele ya kamera. Fundi alikaa akimsubiri, na muda ukapita, na hakulipata.